Matone manne ya G6PD, kutoka Marekani hadi Shangani, Mtwara

Kichupa kina mikrolita 200. Kwa asiyeshika pipeti kila siku, hayo ni matone manne hivi ya maji. Mradi wetu uliyalipia matone hayo manne fedha inayozidi mshahara wangu wa mwezi, tukayasubiri wiki tisa, na siku nilipoyashika mkononi hapa Mtwara nilikuwa nimeshayaota mara mbili. Naandika kwa ajili ya wenzangu wa maabara ndogo za mikoani ambao wameiona bidhaa hii kwenye katalogi wakabaki wanajiuliza kama inamfaa mtu aliye mbali na Dar es Salaam. Jibu langu ni kwamba inamfaa, ila si kwa namna inavyouzwa.

Bidhaa yenyewe ni chembe za lentivirusi zilizobebeshwa jeni moja ya binadamu. Sisi tuliagiza jeni ya G6PD, kimeng'enya kinachozikinga seli nyekundu za damu. Chembe inaingia kwenye seli, inageuza RNA iliyoibeba kuwa DNA, DNA hiyo inajipachika kwenye kromosomu, na kuanzia hapo seli hiyo na vizazi vyake vyote vinatengeneza protini unayoitaka. Mwishoni mwa jeni kampuni imeunganisha jeni nyingine, ya GFP, ile protini inayong'aa kijani ukiimulika kwa mwanga wa buluu. Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa konyeza wa Pasifiki mwaka 1962, na mwaka 2008 yeye, Martin Chalfie na Roger Tsien wakatunukiwa Nobel ya Kemia kwa ajili yake. Kila ninapowaona konyeza wakinasa kwenye nyavu kule Mikindani huwa namkumbuka.

Kipande hicho cha kijani, hapa maabara tunakiita nembo. Neno hilo nililileta mimi. Bibi yangu mzaa mama, Mmakonde wa Newala, alikuwa na nembo usoni alizochanjwa akiwa msichana, zikapakwa mkaa mpaka zikakaa maisha. Sokoni ungemjua ni nani kabla hajafungua kinywa. Ndiyo kazi ya nembo kwenye protini pia. Seli tunazokuza, HEK293T, ambazo ni seli za binadamu za maabara zenye asili ya figo, zina G6PD yao tangu asili. Ukiziongezea nyingine ya aina ileile huna namna ya kujua ipi ya mwenyeji na ipi ya mgeni. Ya mgeni ikiwa na nembo, unaiona kwa hadubini, unaikamata kwa kingamwili ya GFP, na kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa uzito inakaa mahali pake peke yake kwa sababu ni nzito zaidi.

Kwa nini G6PD? Kwa sababu tuko Mtwara, na malaria ndiyo kazi yetu. Seli nyekundu ya damu haina kiini wala mitokondria, kwa hiyo kinga yake dhidi ya kuunguzwa na oksijeni inategemea kimeng'enya hiki kimoja kinachotengeneza NADPH, molekuli inayoisaidia seli kuzima madhara hayo. Mwenye upungufu wa G6PD akipewa dawa ya malaria ya primakwini kwa dozi kubwa, seli zake nyekundu zinaweza kupasuka. Jeni iko kwenye kromosomu X, ndiyo maana wanaume huathirika zaidi. Na upungufu wenyewe umeenea zaidi kulekule malaria ilikoenea. Sisi tulikuwa na kitendanishi tunachokijaribu, na tulihitaji seli ambazo tuna hakika zina G6PD nyingi, siyo za kukisia.

Kuna watakaouliza kwa nini hatukutengeneza virusi wenyewe. Inawezekana, na vyuo vingi vinafanya hivyo. Unachukua plasmidi tatu au nne, yaani vipete vya DNA, unazitia kwenye HEK293T, unakusanya midia, yale maji ya kukuzia seli, baada ya saa 48 na 72, unachuja, kisha unakoleza kwa mashine ya kuzungusha kwa kasi kubwa sana. Hiyo mashine hatuna. Hata tungekuwa nayo, kila mkupuo ungetoka na nguvu tofauti, na maabara ya watu wanne ingetumia miezi kujifunza kazi ambayo si lengo letu. Hapo sina majuto: kununua kulikuwa sahihi.

Sasa safari. Kampuni, ambayo sitaitaja, ilifunga mzigo vizuri. Kasha la stairofomu lenye kuta nene, barafu kavu ya kutosha, vichupa viwili ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mkebe mgumu wenye kitambaa cha kunyonya endapo kitu kitapasuka. Barafu kavu ina nyuzi 78 na nusu chini ya sifuri, nayo haiyeyuki kuwa maji, inapotea moja kwa moja kuwa hewa. Hapo ndipo shida ya mikoani inapoanza. Kila saa inayopita kasha linakuwa jepesi zaidi, iwe mzigo uko angani, uko forodhani, au umekaa chini ya meza ya mtu.

Wetu ulikaa chini ya meza ya mtu. Wakala aliyeupokea Dar es Salaam alikuwa ameahidi kuongeza barafu kavu na kuupandisha ndege ya Mtwara siku inayofuata. Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi simu haikupokelewa. Jumatatu akanieleza kwa utulivu mkubwa kwamba nisiwe na wasiwasi, ameuhifadhi kwenye friza. Nikamuuliza, "Friza ya nyuzi ngapi, kaka?" Akajibu, "Friza ya kawaida, dada, inagandisha kabisa." Friza ya kawaida ni nyuzi 20 chini ya sifuri. Chembe hizi zinatakiwa zikae nyuzi 80 chini ya sifuri. Nililia, nasema kweli, nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za maabara.

Nilikwenda uwanja wa ndege mwenyewe Jumanne. Kasha lilipofunguliwa ule moshi mweupe ulikuwepo, nikapata tumaini, lakini barafu iliyobaki ilikuwa vipande vya ukubwa wa korosho, kiganja kimoja tu. Ndani hapakuwa na kifaa chochote cha kurekodi joto la safari. Hili naliandika kama kasoro ya bidhaa, siyo ya wakala peke yake. Chanjo za watoto zinazofika kwenye zahanati zetu zinakuja na alama inayobadilika rangi zikipata joto. Kichupa chenye bei kuliko mshahara wangu kinakuja kimya, hakisemi kilipitia nini.

Siku hiyohiyo ndiyo mama anayetusafishia maabara aliponisubiri mlangoni. Ni mtu mzima, anaishi Magomeni ya hapahapa Mtwara, na amefanya kazi katika jengo hili kabla yetu sote. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitika marahaba, kisha akashusha sauti. "Mwanangu, wanasema mmeleta virusi vya Ukimwi humu ndani. Ni kweli?"

Nilimshukuru kwa kuuliza, maana wengine walikuwa wameanza kuizunguka korido yetu. Sikumficha. Nikamwambia asili yake ni kweli: vifaa vya kujipachika kwenye kromosomu vimetolewa kwenye virusi vya Ukimwi. Nikamwambia pia kilichofanyika baadaye. Walichukua jeni za virusi wakazitupa zile za ugonjwa, zile chache za kuundia chembe wakazigawa kwenye plasmidi tofauti, nazo zikabaki kule kiwandani. Ndani ya kichupa chetu hakuna hata moja yake. Hata koti la nje si lake, limetoka kwenye virusi vingine vya mifugo. Chembe inayofika hapa imebeba jeni yetu na maelekezo ya kuingia, basi.

Akafikiri. "Kwa hiyo ni kama mtumbwi wa kuvuka Ruvuma mara moja. Ukifika ng'ambo umevunjika, hakuna wa kuurudisha."

Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo kwenye karatasi yoyote ya kampuni. Nikaongeza jambo moja ambalo sikutaka alisahau: mtumbwi huo ukikuchoma kwa sindano utavuka kwako pia, na jeni itajipachika kwenye seli zako. Ndiyo maana chumba kile hakuna sindano wala kitu cha ncha kali, kila kitu kinafanyika ndani ya kabati la usalama, glovu ni mbili mbili, na kinachotoka kinalowekwa kwanza kwenye klorini. Taka zetu yeye hazigusi mpaka nimezipitisha mwenyewe kwenye otoklevu, mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Tulikubaliana hivyo, na karatasi ya makubaliano hayo imebandikwa mlangoni kwa Kiswahili. Kijitabu kilichokuja na bidhaa kina kurasa kadhaa za usalama, zote kwa Kiingereza, na zote zinachukulia kwamba msomaji ana ofisi nzima ya usalama jengoni kwake.

Turudi kwenye kichupa. Lebo inasema chembe hai milioni 10 kwa mililita. Kwa mikrolita 200 hiyo ni milioni 2. Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kukiyeyusha juu ya barafu na kukigawa katika vichupa vinane vya mikrolita 25, saba nikavirudisha haraka kwenye friza ya nyuzi 80. Kila kuganda na kuyeyuka kunaua chembe, na kijitabu kinakuonya kuhusu hilo. Lakini wanaokuonya ndio waliokupa mikrolita 200 kwenye kichupa kimoja, wakati jaribio moja linahitaji 10 au 20. Kwa hiyo ili ugawe lazima uyeyushe, na ukishayeyusha umeshapoteza. Sielewi kwa nini hawagawi wao kabla ya kugandisha mara ya kwanza.

Kisha nikapima mwenyewe. Nawasihi msiruke hatua hii. Niliotesha seli 50,000 katika kila shimo, nikaweka polibrini mikrogramu 8 kwa mililita ili chembe na seli zisisukumane, nikatia mikrolita 1 shimo la kwanza, 2 la pili, 5 la tatu, 10 la nne. Kama lebo ingekuwa kweli kwa seli zangu, mikrolita 1 ingekuwa na chembe 10,000, yaani chembe moja kwa kila seli tano, na baada ya siku tatu ningeona seli 18 za kijani kati ya 100. Niliona 7. Hesabu yake ni kama chembe milioni 3 na nusu kwa mililita, theluthi tu ya kilichoandikwa.

Je, kampuni imeniibia? Sidhani. Namba ya lebo ilipimwa kwao, kwenye seli zao, kwa kichupa ambacho hakikulala wikiendi nzima kwenye friza ya kawaida. Aliyenunua akaamini lebo atakosea mara tatu na hatajua. Nilipotumia kichupa cha pili kati ya vile vinane nilitia mikrolita zote 25 kwenye seli 100,000, na zilizogeuka kijani zilikuwa 34 kati ya 100. Ukikokotoa utaona kuyeyusha mara ya pili kumekula karibu nusu ya zilizobaki.

Hata hivyo sikuhitaji zaidi. Kiwango cha chini ni kizuri, maana seli nyingi za kijani zinakuwa zimepokea chembe moja tu, na jeni imejipachika mara moja. Ukimwaga chembe nyingi unapata seli zenye nakala tano, sita, kila moja na tabia yake. Chembe hizi zimebeba pia jeni ya kuvumilia puromaisini. Nikatia dawa hiyo, na kufikia siku ya nne zile zisizopokea kitu zilikuwa zimekufa na kuelea kama vumbi juu ya maji. Zilizobaki zikaanza kutanda upya. Leo tuna seli hizo kwenye naitrojeni ya maji, mirija kumi na miwili, na hatuhitaji kununua jeni hii tena kwa ajili ya kazi ileile. Hapo ndipo bei inapoanza kuingia akilini: ukifanya vizuri mara moja, unakula miaka.

Nataka nieleze asubuhi ile ya siku ya tatu. Saa moja na nusu, umeme ulikuwa umerudi usiku, jenereta imenyamaza. Nikazima taa ya chumba, nikawasha ya hadubini, nikaweka sahani. Kwanza giza. Nikazungusha kitufe cha kulenga polepole, ikaja kijani moja, kisha tatu pembeni yake, zimeshikana, ni dada na dada kutoka seli moja iliyogawanyika. Katika sahani ya kontroli, yaani ya kulinganishia, yenye GFP pekee bila jeni yetu, kijani kilijaa seli nzima mpaka kwenye kiini. Katika sahani ya G6PD seli ilikuwa kijani pembeni na katikati kuna duara la giza, kama tunda lililokatwa ukaona mbegu. Duara hilo ni kiini. GFP peke yake ni ndogo, kilodaltoni 27 kwa kipimo cha uzito wa protini, inapenya ndani. Ikishikana na G6PD inakuwa kubwa, inabaki nje, kwenye saitoplazimu, mahali ambapo G6PD hufanyia kazi. Duara lile la giza liliniambia nembo imekaa kwenye protini yetu na haitangitangi peke yake. Nilimwita mama wa usafi aangalie. Alivua miwani, akainama, akakaa muda mrefu. "Hizi ndizo zenye nembo?" Nikamwambia ndizo.

Jeli ikathibitisha. Kwa kingamwili ya G6PD tulipata mistari miwili: wa chini kilodaltoni 59, G6PD ya mwenyeji, na wa juu karibu 86, ya mgeni na nembo yake. 59 na 27 ni 86. Kwenye kontroli ulikuwepo wa chini tu. Mstari wa juu ulikuwa safi, bila vipande vilivyokatika chini yake, na kwa hilo naisifu kampuni bila kusita. Jeni iliyoandikwa kwenye karatasi ndiyo iliyokuwemo.

Nina shaka moja ambayo haihusu ubora wa utengenezaji. Nembo iko mwishoni mwa protini, na katalogi haikunipa nafasi ya kuiweka mwanzoni. Kwa protini nyingi si kitu. Kwa G6PD ni kitu, kwa sababu kimeng'enya hiki hufanya kazi kikiwa wawili wawili au wanne wanne, na sehemu ya mwisho ya mnyororo ina mchango katika kukishikilia kisimame imara. Kukibandika mzigo wa kilodaltoni 27 hapohapo ni kukijaribu. Tulipima utendaji kwa kuangalia NADPH ikiongezeka kwenye mwanga wa nanomita 340, na seli zenye nembo zilizidi kontroli zaidi ya mara tatu, kwa hiyo kinafanya kazi. Lakini kama kazi yako ni kupima kasi halisi ya kimeng'enya, agiza ile yenye nembo fupi ya asidi amino nane, DYKDDDDK, uache GFP. Hutaona kijani, utaihitaji kingamwili, ila protini itakuwa karibu zaidi na ilivyo mwilini.

Kontroli inauzwa peke yake, kwa bei yake. Huwezi kufanya kazi ya heshima bila kontroli, basi wangeiweka kasha moja na kusema bei moja. Huduma yao kwa barua pepe ni nzuri: niliandika kuhusu ile theluthi ya nguvu, wakanijibu ndani ya siku mbili, wakanitumia karatasi ya vipimo vya mkupuo wetu na hawakunilaumu. Fidia hawakutoa, kwa hoja kwamba mzigo uliharibikiwa baada ya kupokelewa Dar. Hoja ni ya haki, inauma tu.

Kama huna friza ya nyuzi 80 yenye jenereta ya uhakika, usinunue bado. Kama jeni yako ni ndefu sana pia usinunue. Mtumbwi huu una kikomo cha mzigo, na ukikaribia herufi 8,000 au 9,000 za kijeni chembe zinazotoka ni chache na dhaifu. G6PD ina herufi 1,545 za kuandika protini, ni abiria mwepesi. Na hakikisha vibali vya usalama wa bayoteknolojia viko mkononi kabla hujalipa, kwa sababu barafu kavu haisubiri sahihi.

Bidhaa yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Ufungaji wa kichupa kimoja kikubwa naupa mbili.

Nimeshaagiza nyingine. Safari hii ni G6PD yenye mabadiliko mawili ya aina ya upungufu iitwayo A-, ile iliyoenea Afrika, yenye nembo fupi. Niliwaomba waigawe wao wenyewe katika vichupa vinane vya mikrolita 25 kabla ya kugandisha, wakakubali kwa nyongeza ndogo ya bei, na wakakubali kutia kifaa cha kurekodi joto. Mzigo ukitua Dar utanikuta hapo. Abiria anaruhusiwa kilo mbili na nusu za barafu kavu kwenye ndege kwa idhini ya shirika. Idhini nimeshaomba, na kasha tupu liko chini ya kitanda changu, limeshapimwa linaingia chini ya kiti.